Siku ya Familia Shuleni: Asibaki Mtoto Penye Uzio



Shule nyingi za msingi hapa kwetu, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, huwa na siku moja katika mwaka ya kuwaalika wazazi. Wengine huiita Siku ya Wazazi, wengine huiunganisha na mahafali ya darasa la saba. Kuna kwaya, ngoma, maigizo, hotuba, chakula na michezo. Wengi wetu akina mama tumo katika kamati za maandalizi, kwa kuwa penye sufuria kubwa ndipo tunapoitwa kwanza. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya siku hiyo, maana tumeona jinsi inavyoweza kumfurahisha mtoto, na jinsi inavyoweza kumwumiza.

Tuliwahi kuhudhuria sherehe ya shule moja ambayo hatutaitaja. Ilikuwa imepangwa vizuri, na kila mchezo ulikuwa na kiingilio chake. Binti mmoja mdogo alisimama penye uzio tangu asubuhi, mikono ameificha ndani ya sweta. Tulimwuliza kwa nini hachezi na wenzake. Akasema bibi yake amempa hela ya daftari, siyo ya kucheza. Saa nane msema chochote akatangaza kwa kipaza sauti kwamba sasa kila mtoto aende akakae na baba na mama yake. Yule binti akageuka, akashika njia ya kwenda nyumbani. Kamati ilipata fedha nzuri siku ile na kila mtu alisifu maandalizi. Sisi tulimwona akiondoka, tukanyamaza. Ndiyo sababu tunaandika leo.

Anza na jina la siku

Mkoa wetu umepita katika majonzi mengi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba maambukizi ya Virusi vya Ukimwi Njombe yalikuwa asilimia 14.8 ya watu wazima, juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Dawa zimewaokoa wengi tangu hapo, na twamshukuru Mungu. Lakini hatuhitaji takwimu kujua kwamba katika kila darasa wapo watoto wanaolelewa na bibi, shangazi, mama mdogo au kaka mkubwa. Mtoto wa namna hiyo akipewa barua ya kuwaalika "baba na mama", ataipeleka kwa nani?

Kwa hiyo tunapendekeza siku hii iitwe Siku ya Familia, na barua iandikwe kwa "wote wanaomlea mtoto huyu". Ni badiliko dogo la maneno, wala halina gharama. Bibi akisomewa barua hiyo atajua kwamba kiti chake kipo.

Chagueni tarehe kwa hekima

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi na ukungu huwashinda hata watu wazima, sembuse mtoto asiye na sweta zito. Kuanzia Desemba mvua hutawala. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kinachobaki ni Oktoba, kabla watu hawajazama katika kupanda.

Na siku gani? Jumamosi ndugu zetu Wasabato wako ibadani, Jumapili wengi wetu tuko kanisani. Tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Ni siku ya mapumziko, na kumbukumbu ya mtu aliyeitwa Mwalimu yafaa sana ufanyike shuleni. Ila tazameni kalenda mapema, isije ikaangukia Jumamosi au Jumapili. Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule wakikubali, ofisi ya mtaa au kijiji ijulishwe mapema.

Fedha bila aibu

Tangu Januari 2016 watoto wetu wanasoma bila ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mchango wa mzazi kwa shule ni wa hiari. Lakini mahitaji ya shule hayajaisha. Vyoo vinataka kujengwa na madawati yanataka kutengenezwa. Si vibaya siku hii ikaleta fedha. Swali ni fedha hizo zitoke kwa nani na kwa njia gani.

Ushauri wetu ni huu: michezo yote ya watoto iwe bure. Kuvuta kamba, kukimbia ndani ya magunia, mbio za yai na kijiko, rede na kuruka kamba havihitaji zaidi ya magunia machache, kamba mbili na mayai ya kuchemsha. Wekeni pia mbio za bibi na babu, nanyi mtaona uwanja mzima ukisimama kushangilia.

Fedha zitafutwe kwa mnada, kama tunavyofanya makanisani wakati wa mavuno. Kila familia ilete kitu kadiri ilivyojaliwa: boga, mayai matatu, kikapu cha maparachichi, debe la viazi, jogoo. Boga la mjane likiwekwa mezani pamoja na jogoo wa mfanyabiashara, yeye naye ametoa. Wenye uwezo ndio watakaonunua. Mwendesha mnada akatazwe kabisa kutaja nani kaleta nini, na asimtanie mtu aliyetoa dau dogo.

Amueni mapema fedha ni za kazi gani, na iwe kazi moja tu. Watu wawili wazihesabu pamoja, kiasi kiandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule kabla wiki haijaisha. Bwana wetu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akapiga hesabu. Kamati nyingi huvunjika kwa sababu hesabu ilipigwa baadaye.

Chakula

Mkoa wetu una mahindi, viazi, maharage, maziwa na maparachichi kwa wingi. Hata hivyo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Tusitumie siku hii kuwajaza soda na pipi. Kwa watu 300, madebe mawili ya mahindi yaliyokobolewa na debe moja la maharage hutoa kande za kuwatosha wote. Ongezeni maparachichi, na chai ya maziwa yenye tangawizi kwa ajili ya baridi. Kila familia ije na sahani na vikombe vyake. Maharage yalowekwe tangu jana yake, na kuni zikusanywe wiki moja kabla.

Kama mtachinja, mwombeni jirani Mwislamu achinje, ili kila mtu ale kwa amani. Chakula kipakuliwe sawa kwa wote, bila meza ya siri ya wageni rasmi. Na pombe isiingie uwanjani, iwe ulanzi au bia.

Ulinzi wa watoto

Hili si jambo la kuachia bahati. Mwanzoni mwa mwaka 2019 hapa Njombe watoto kadhaa walitekwa na kuuawa kikatili, na mama zao wangali wanalia. Hofu ile haijatutoka.

Tumieni lango moja tu. Kila mwalimu wa darasa awe na daftari la mahudhurio asubuhi, mchana na wakati wa kuondoka. Mtoto aondoke na mtu yule aliyemleta. Aliyekuja peke yake aandikwe tangu asubuhi, kisha arudi na jirani anayejulikana kwa mwalimu. Wenzetu wa Makambako wana mzigo wa ziada, maana mji wao ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam na Mbeya hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na malori hayapumziki. Shule iliyo karibu na barabara iweke watu wazima wawili wenye bendera nyekundu mahali pa kuvukia, wala wasiondoke hadi mtoto wa mwisho apite. Sherehe ifungwe saa tisa na nusu, ili wanaotembea mbali wafike kwao jua lingalipo.

Katika Luka 2 twasoma kwamba Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa siku nzima kutoka kwenye sikukuu, kila mmoja akidhani mtoto yuko na jamaa. Ikiwa hata wao ilitokea hivyo, basi nasi tuwe na daftari.

Nani yuko mezani

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 16 Mungu anawapangia watu wake sikukuu, na anataja wale wanaopaswa kufurahi: wana na binti wa nyumbani, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Yatima hakuachwa asubiri mabaki. Yumo katika orodha ya waalikwa tangu mwanzo. Hicho ndicho kipimo cha Siku ya Familia, nacho ni kikubwa kuliko kiasi cha fedha zilizopatikana.

Basi, kamati yenu ikikutana, chagueni mama mmoja ambaye hatakuwa na kazi ya sufuria wala ya mnada. Kazi yake siku hiyo iwe kuzunguka uwanja akitazama uzio. Akimkuta mtoto amesimama peke yake, amshike mkono, ampeleke kwenye kamba pamoja na wenzake, na wakati wa kula akae naye. Sisi tulikosa kufanya hivyo kwa binti mmoja. Ninyi msikose.

Bwana awabariki katika maandalizi yenu.