KIOTA CHA TAI SI ARDHI TUPU



Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai aliandamana na wabunge wa upinzani hadi msitu wa Karura, Nairobi, kupanda mti. Mahali alipokusudia kuupanda palikuwa pametengwa pafyekwe ili pawe uwanja wa gofu. Kundi la watu waliokuwa wakilinda lango liliwashambulia, naye akapigwa kichwani hata akatokwa na damu. Agosti mwaka uo huo, Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ikasalimika.

Twakikumbusha kisa hiki kwa sababu hoja ya wanyakuzi haijabadilika: ardhi waitakayo huiita tupu. Tupu kwa nani? Karura ni makao ya tai mkubwa mwenye kishungi kichwani, mwindaji wa kima, pimbi na paa wadogo. Kiota chake hukijenga kwenye panda ya mti mrefu, na hukirudia miaka mingi. Hutaga yai moja au mawili, lakini kinda anayekua ni mmoja tu. Yai huatamiwa kwa siku 50 hivi. Kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, na hata akiisha kuruka huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi mingi. Ndiyo maana kwa kawaida jozi moja hulea kinda mmoja kila miaka miwili. Msumeno huiangamiza kazi hiyo kwa dakika chache.

Tutaambiwa kwamba gofu huleta ajira na watalii. Hatuupingi mchezo huo, wala hatumchukii auchezaye. Tutaambiwa pia kwamba uwanja wa gofu ni wa kijani. Lakini nyasi zilizonyolewa hazimpi tai windo wala mti wa kujengea.

Sheria tunazo. Sheria ya Mazingira ya 1999 yadai athari za miradi mikubwa zichunguzwe kabla ya kazi kuanza. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 42 na 69, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na kuiagiza Serikali kuwashirikisha wananchi katika kuyatunza.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Viota vihesabiwe na wataalamu wasiolipwa na mwenye mradi, kabla ya ramani kuchorwa. Mti wenye kiota na miti iliyouzunguka isiguswe, na tingatinga zisikaribie mpaka kinda aruke. Na ripoti isomwe barazani, kwa lugha ielewekayo na wenyeji, wala isifungiwe ofisini.

Tai hana kura wala wakili. Sisi tuna kura, tuna sauti, na tuna Katiba. Tukinyamaza wakati kiota kinaangushwa, tusishangae siku tutakapoambiwa kwamba hata hapa petu ni ardhi tupu.