Garanti Unalipa, Lakini Kontra Iko Wapi?



Mutu anayetembea leo katikati ya Lubumbashi ao Kolwezi anaona majengo mapya. Chini kuko maduka yenye vioo, pembeni kuko ristora, juu kuko biro na vyumba vya watu kulala. Siku ya mushahara watu wanajaa pale: huyu ananunua viatu, yule anakula kuku, mutoto analilia krema. Ni muzuri. Muji bila maduka ni kambi tu. Hatuandike hapa ili kutukana ile majengo.

Tunaandika kwa sababu ya swali moja: nani anaingia mule kama mwenye duka, na kwa sherti gani? Kununua, kila mutu mwenye feza anaweza. Lakini kushika ufunguo, kutundika jina lako juu ya mulango, kuuza pale miaka kumi na kuachia watoto kazi yako, ile ni jambo lingine. Na tunaona kama wengi wetu wanaopanga duka wanaingia macho yao yamefungwa. Wanalipa garanti, wanapewa ufunguo, wanashukuru. Kontra hawana. Ao wanayo kwa Kifaransa, wametia mukono, hawajui inasema nini.

ZAMANI MULANGO ULIFUNGWA KWA RANGI

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910. Wakubwa wa wakati ule waligawanya muji kwa rangi ya ngozi. Upande moja barabara kubwa na magazini yake. Upande wa pili Site Albert, ile tunaita leo Kamalondo, na nyuma Kenya, Katuba na Ruashi. Kati ya pande mbili waliacha kipande cha inchi wazi. Mutu mweusi aliingia katika muji wa Wazungu muchana ili kufanya kazi. Usiku ilikuwa sherti awe na ruhusa. Mufanyakazi wa Union Minière alilala katika nyumba ya kompanyi, na kwa miaka mingi alikula posho ya kompanyi. Kwenye barabara kubwa alikuwa mwenye kununua, hakuwa mwenye kuuza.

Kisha ikafika tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza kama biashara za wageni zitaingia katika mikono ya wana-inchi. Watu walipewa maduka yaliyojaa vitu. Namna gani ikaisha? Wengi waliopewa waliuza vilivyokuwa ndani na hawakuleta vingine. Rafu zikabaki tupu, wafanyakazi wa maduka wakakosa kazi, bei zikapanda. Mwaka 1976 serikali yenyewe ilianza kuwarudishia wageni mali yao. Mwaka 1991 watu walivunja na kuiba, na maduka mengi hayakufunguka tena.

Tunakumbusha mambo haya kwa sababu yako na fundisho. Duka lililofungwa kwa rangi ni ubaya. Duka lililotolewa kama zawadi ya mukubwa ni ubaya vilevile, kwani kilichotolewa kwa neno la mukubwa kinaondolewa kwa neno la mukubwa. Biashara inasimama juu ya kazi na juu ya sheria inayojulikana na wote. Katikati ya haya mawili hakuna njia ya mukato.

FEZA YA MUFANYAKAZI

Wengine watasema: mambo ya maduka yanahusu wafanyabiashara, mufanyakazi wa mgodi yanamuhusu nini? Yanamuhusu sana. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini katika ule mupango ulioitwa wa kutoka kwa mapenzi yao, uliolipwa kwa musaada wa Banki ya Dunia. Wazee wa miaka makumi ya kazi walipokea feza mara moja, na mushahara ukakatika. Mutu akiwa na feza ya mara moja anafanya nini? Ananunua shamba, ananunua motokari ya kubeba watu, ao anatafuta mulango wa kuuzia. Hata leo, mufanyakazi wa sosho ndogo ya kukodisha watu kwa mgodi anajua kama kontra yake ni fupi. Bibi yake anatafuta duka ili nyumba isilale na njaa siku kazi itakapoisha.

Basi ile feza inayoingia katika garanti ya duka ni jasho la mgodi. Ikipotea, haipotei feza ya tajiri. Inapotea miaka ishirini ya mutu.

TUFANYE HESABU

Tuseme, kwa mufano tu, loyi ni dolari 400 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi sita: 2,400. Komisionere anataka mwezi moja: 400. Rangi, chuma ya mulango, rafu na firigo: 1,200. Jumla ni 4,000, na hujanunua hata sanduku moja ya sabuni.

Sasa angalia kila mwezi. Kama katika kila dolari 100 unazouza unabaki na 10, sherti uuze vitu vya 4,000 ili upate loyi peke yake. Ukifungua siku 26, ni karibu 154 kila siku. Hapo hujalipa kijana anayekusaidia, hujalipa kodi za komini, watoto wako hawajakula. Mutu asiyefanya hesabu hii mbele ya kutoa garanti anafanyia mwenye nyumba kazi, na yeye anafikiri kama ni bwana wa duka.

Na katika majengo haya ya pamoja kuko gharama ingine isiyosemwa siku ya kwanza: mulinzi, groupe ya umeme, maji, takataka, kufagia ngazi. Uliza: inagawanywa namna gani? Kwa upana wa duka? Sawasawa kwa wote? Duka la vitambaa lenye taa mbili lisilipe mazuti sawa na ristora yenye firigo tano.

Tena uliza juu ya majirani. Wenye kulala juu watakubali muziki mupaka saa ngapi? Moshi wa jiko utapita wapi? Jirani wa kuuza mikate anakuletea watu kila asubui. Jirani anayefungua usiku tu hakuletei mutu muchana. Usidanganyike na vioo. Simama pale juma zima, mwisho wa mwezi na katikati ya mwezi, uhesabu watu wanaopita mbele ya ule mulango. Siku za mushahara kila duka linaonekana zuri. Tarehe 15 ndiyo inasema kweli.

SHERIA IKO, SISI HATUIJUE

Wandugu, wengi wanafikiri kama mwenye nyumba ni mufalme, akisema toka, unatoka. Hapana. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, ule umoja wa inchi 17 za Afrika wenye sheria moja ya biashara. Sheria yake juu ya biashara, iliyotengenezwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inasema wazi juu ya kupanga nyumba ya kazi. Tunaleta hapa maneno yake makubwa, kila mutu ayashike.

Kontra inaweza kuandikwa ao kusemwa kwa kinywa. Hata ile ya kinywa ni kontra. Lakini ya kinywa utaionyesha namna gani mbele ya muamuzi? Kwa hiyo andika.

Mapaa, kuta na kazi zingine kubwa za kutengeneza nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Kazi ndogo za kila siku ni juu yako.

Mwenye nyumba akiuza nyumba, kontra yako haikufi. Mwenye mupya anaichukua pamoja na wewe ndani.

Mwenye kupanga akikufa, kontra vilevile haikufi. Mujane, watoto ao wazazi wake wanaweza kuendelea, kama wanaomba kwa barua ya sheria ndani ya miezi tatu tangu kifo. Wamama, kamateni hili! Mara ngapi tumeona mujane anafukuzwa dukani na matanga hayajaisha?

Ukiwa umefanya kazi yako pale miaka miwili, unapata haki ya kuomba kontra irudiliwe. Lakini kama kontra iko na mwisho wake, sherti uombe kwa njia ya sheria miezi tatu mbele ya ule mwisho. Ukilala, haki imepotea. Kama kontra haina mwisho, mwenye kutaka kuivunja anapaswa kutoa taarifa miezi sita mbele. Na mwenye nyumba akikataa kurudilia bila sababu ambayo sheria inakubali, anakulipa kwa hasara yako.

Hata kama umechelewa kulipa, hakuna ruhusa ya kutia kufuli mupya kwenye mulango wako saa kumi na moja ya asubui. Kwanza barua ya kukuonya, inayokupa mwezi moja, kisha tribinali. Kufuli ya usiku si sheria, ni nguvu tu.

Na neno la mwisho, ambalo linaumiza wengi: mupangaji hana ruhusa ya kupangisha mwingine, kama kontra yake haisemi hivyo. Mutu akikuambia, «Nilipe feza ya mulango, ingia pahali pangu,» mwenye nyumba hajui, wewe umenunua upepo.

MWENYE NYUMBA VILEVILE NI MUTU

Tutasikia sauti: «Munawachochea wapangaji. Mwenye nyumba alikopa banki, alinunua simenti, na kuko wapangaji wabaya wanaokula loyi na kukimbia usiku.» Ni kweli, wako. Mupangaji anayelipa leo miezi miwili na kesho anaficha uso anaharibu jina la wote. Ndiyo sababu wenye nyumba wanaomba garanti kubwa. Sheria hii inalinda pande zote mbili: mwenye nyumba mwenye kontra nzuri anajua atalipwa siku gani, na mupangaji anajua atakaa mupaka lini. Mupangaji asiyeogopa kufukuzwa anapaka rangi, anatia rafu nzuri, anavuta watu. Nyumba inapata bei. Mupangaji wa hofu hatengenezi kitu.

Na tusiseme kama ubaya uko na rangi. Zamani aliyefunga mulango alikuwa Muzungu. Leo mara nyingi mwenye jengo ni ndugu yetu, anasema Kiswahili kama sisi, anaenda misa pamoja nasi. Kama anaongeza loyi bila kuonya na kufukuza mujane, ngozi yake nyeusi haitusaidii kitu. Uhuru si kubadilisha tu uso wa yule anayeshika ufunguo.

TUFANYE NINI?

Ninyi wafanyakazi wa mgodi munajua jambo moja ambalo wafanyabiashara hawajajifunza. Hakuna kati yenu anayeenda peke yake mbele ya direktere kuomba mushahara upande. Kuko sendika, kuko wajumbe, kuko mapatano ya pamoja. Kwa nini basi mutu mumoja mumoja anaenda mbele ya mwenye jengo, kofia mukononi?

Kila jengo la maduka liko na wapangaji kumi, makumi mawili. Wakae pamoja. Wachague wajumbe wawili. Waombe hesabu ya mulinzi na ya mazuti. Waandike kwa pamoja, watie mukono kwa pamoja. Barua ya mutu moja inatupwa. Barua ya maduka ishirini inasomwa.

Tunaomba pia wakubwa wa komini na wa provensi: watundike kwenye mulango wa kila komini kontra ya mufano, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 inasema Kiswahili ni lugha moja kati ya lugha ine za taifa. Kama Kiswahili kinafaa kuomba kura, kinafaa vilevile kueleza loyi.

Na wewe musomaji, kama mwaka huu unafikiri kupanga duka, shika mambo haya. Usitoe garanti bila karatasi ya kuonyesha umelipa. Usitie mukono kwenye maneno usiyoelewa. Tafuta mutoto aliyesoma akusomee kila mustari, hata kama mwenye nyumba anaharakisha. Andika tarehe ya mwisho ya kontra ukutani, na ile ya miezi tatu mbele yake kwa wino mwekundu. Uambie bibi yako, ao bwana yako, karatasi iko wapi.

Baba zetu walipanda na kushuka ndani ya shimo ili muji huu ujengwe. Majengo yamesimama, vioo vinangaa. Hatuombe mutu atupatie bure hata chumba kimoja. Tunaomba kupanga kama watu, kwa bei iliyosemwa, kwa siku zilizohesabiwa, kwa karatasi tunayoelewa. Sheria imekwisha kuandikwa. Kazi iliyobaki ni yetu: kuijua, na kusimama pamoja siku mutu atakapojaribu kuivunja.