Kutoka Baridi ya Sachangwan Hadi Joto la Pwani: Nasaha kwa Familia ya Mkimbiaji



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu mnaolipokea jarida hili kila wiki majumbani. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo zamani lisingepata nafasi katika ukurasa huu, nalo ni mbio ndefu za kilomita 42 na ushei ziitwazo marathoni. Siku hizi mbio hizo si za mabingwa peke yao. Vijana wetu wanajiandikisha, na mabinti zetu pia. Wengine ni watoto wa Pwani waliokwenda kusoma au kufanya kazi Nakuru, Molo na Eldoret, wakazoea kukimbia pamoja na wenyeji wa huko, nao hutamani kuteremka wakimbie Mombasa mbele ya wazazi wao. Wengine ni wageni wa bara ambao nyumba zetu huwakirimu. Jambo likishaingia nyumbani, halina budi kushauriwa.

Watu wengi hudhani kwamba matayarisho ya mbio ni miguu na pumzi tu. Miguu na pumzi mwanariadha mwenyewe huvishughulikia. Yanayosahauliwa ni mambo mawili, njia na jua, na yote mawili huwaadhibu wenye haraka. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa haraka haraka haina baraka. Katika safari hii haraka huweza hata kuondoa uhai.

Tuanze na njia. Anayetoka upande wa Eldoret kuja Pwani hupita Sachangwan, kabla ya kufika Salgaa na Nakuru. Ni mahali pa juu, penye baridi na ukungu, na barabara huteremka mteremko mrefu ambao malori mazito hushindwa kuumudu. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka hapo Sachangwan. Watu walikusanyika, wengine wakichota petroli iliyomwagika, na moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, katika barabara hiyohiyo, mahali paitwapo Migaa, basi la abiria liligongana na lori na watu 36 wakapoteza maisha. Ilikuwa yapata saa tisa usiku. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia.

Siyataji haya ili kutia watu hofu. Nayataja kwa sababu aghalabu mkimbiaji husafiri vibaya kuliko abiria mwingine. Hataki kupoteza siku ya kazi wala ya mazoezi, hivyo hupanda basi la usiku Ijumaa ili akimbie Jumapili. Kutoka Sachangwan hadi Mombasa ni karibu kilomita 700. Lolote likitokea njiani, hana siku ya akiba. Na njia hiyo haina ahadi. Tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko ya ghafla karibu na Mai Mahiu yaliua makumi ya watu usiku wakiwa wamelala. Mnamo Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit. Ni heri kubwa, lakini ujenzi nao huleta misongamano na michepuko.

Hata wakubwa wa riadha hukwamishwa na njia. Mwezi wa Aprili 2010 mlima wa volkano wa Eyjafjallajökull, huko Iceland, ulitoa majivu yaliyofunga anga ya Ulaya siku chache tu kabla ya mbio za London za tarehe 25. Waandaaji wakalazimika kukodi ndege ya kuwachukua wanariadha wa Afrika Mashariki. Wakafika, wakakimbia: Tsegaye Kebede wa Ethiopia akashinda, na Emmanuel Mutai wa Kenya akawa wa pili. Lakini mwanao hana wa kumkodia ndege. Ndege yake ni siku za akiba alizojiwekea.

Basi shauri la kwanza kwa familia ni hili. Mkimbiaji asafiri mchana. Safari igawanywe: siku moja hadi Nairobi, alale kwa jamaa, na siku ya pili ateremke kwa basi la mchana au kwa treni ya SGR, ambayo tiketi yake inunuliwe mapema. Asifike usiku wa kuamkia mbio kwa hali yoyote. Na mkumbusheni jambo moja ambalo Sachangwan imetufundisha kwa gharama kubwa: akikuta lori la mafuta limepinduka, asikaribie, asichukue picha, asiwashe chochote. Aondoke upesi aende mbali, na awavute wengine pamoja naye.

Sasa tuje kwenye jua. Sisi watu wa Pwani tumelizoea joto letu hata tukasahau kwamba kwa mgeni ni mtihani. Tarehe 24 Machi 2007, kaskazi ikiwa haijaondoka, Mombasa ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashindiki katika mbio hizo, aliishiwa nguvu katika mzunguko wa mwisho akatoka njiani. Ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Bekele hakushindwa kwa uvivu. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, na pale penye unyevu jasho hutiririka bila kukauka. Kinachompoza mtu ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini humpunguzia maji tu, joto likabaki mwilini.

Yaliyotokea Doha mwaka 2019 ni ushahidi mwingine. Mbio za wanawake za ubingwa wa dunia zilianzishwa karibu saa sita za usiku ili kulikwepa jua, na bado joto lilizidi nyuzi 30 pamoja na unyevu mwingi. Walianza wanawake 68, wote hodari wa nchi zao. Waliokatiza njiani ni 28.

Msidhani kwamba ni joto kali kama hilo tu lenye madhara. London, tarehe 22 Aprili 2018, ilikuwa nyuzi 24 hivi, na kwa mtu wa Mombasa hiyo ni siku ya kutafuta shuka. Lakini wakimbiaji wengi walikuwa wamefanya mazoezi katika baridi, na siku hiyo ilikuwa ya joto kuliko zote katika historia ya mbio hizo. Eliud Kipchoge na Vivian Cheruiyot walishinda. Nyuma yao watu wengi walizidiwa, na mkimbiaji mmoja alifariki. Joto hupimwa kwa kipimo cha mazoea ya mwili, na mwili uliozoea ukungu wa Sachangwan haujui jua la Nyali.

Zingatieni pia jambo hili, maana ndilo linalozihusu zaidi familia zetu. Bingwa humaliza mbio kwa saa mbili na dakika chache, jua likiwa bado changa. Binti yako atakimbia saa tano, na saa hizo mbili au tatu za mwisho ndizo za jua kali. Tarehe 7 Oktoba 2007, katika mbio za Chicago, Patrick Ivuti wa Kenya alikuwa amekwisha kushinda wakati waandaaji walipoamua kuzisimamisha mbio kwa sababu ya joto, maelfu wakiwa bado barabarani. Kwa hiyo msiwatazame mabingwa katika televisheni mkasema, mbona wao wanaweza.

Dawa yake ni nafasi. Mwili huhitaji siku kumi hadi kumi na nne za kulizoea joto kwa kufanya mazoezi mepesi ndani yake. Katika siku hizo maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea hupungua. Anayeweza kuja wiki mbili kabla, aje, nanyi mpokeeni. Asiyeweza, basi aanze hukohuko bara kukimbia polepole saa za mchana badala ya alfajiri, akiongeza nguo moja, kwa kiasi, na akiwa na mwenziwe. Siku ya mbio apunguze mwendo tangu mwanzo. Muda alioupata Nakuru hautapatikana Mombasa. Na mwenye hiari ya kuchagua achague mbio za wakati wa kusi, miezi ya Juni hadi Agosti, aiache kaskazi kwa wenyewe.

Nageukia jikoni, ambako neno la mama ndilo la mwisho. Mgeni wetu tunampenda, lakini usiku wa kuamkia mbio si usiku wa biriani. Mpikieni wali mweupe, viazi au chapati zisizojaa mafuta, na alfajiri ale uji na tende au ndizi saa mbili au tatu kabla ya kukimbia. Madafu ni mema, ila yana chumvi kidogo kuliko anayoipoteza mtu kwa jasho. Kinywaji kizuri cha nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Wala msimlazimishe kunywa maji kupita kiu yake. Wengi wanahofia kupungukiwa maji, lakini kuzidisha maji nako huua, kwa kuwa chumvi ya damu hupungua na ubongo ukavimba. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa mbio za Boston za mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 wako katika hali hiyo, na walioelekea zaidi kupatwa ni wale waliokimbia kwa saa nyingi wakinywa mno hata uzito wao ukaongezeka. Wanawake wenye miili midogo na mwendo wa polepole wawe na hadhari hapa. Njia rahisi ni kujipima uzito kabla na baada ya zoezi refu. Ukiona umeongezeka, umekunywa kupita haja.

Kuhusu mavazi, dada zetu, sitara na wepesi havigombani. Chagueni nguo pana kidogo, ya rangi nyeupe au ya kufifia, na mtandio mwembamba usiokaba shingo, ambao unaweza kumwagiwa maji. Pakeni mafuta ya mgando pale nguo inapochubua. Mwenye mimba, mwenye maradhi ya moyo au sukari, na aliyetoka kuugua homa karibuni, asikimbie bila kauli ya daktari. Mbio nyingi huanza alfajiri, hivyo panga swala ya Alfajiri kabla ya kutoka nyumbani, usije ukaitafuta nafasi yake katikati ya umati.

Limebaki jambo ambalo naliona zito kuliko yote. Kabla ya siku ya mbio, familia ikae na mkimbiaji wake na ikubaliane ni nani atakayesema “basi”. Joto likishapanda kichwani, mwenye kupatwa ndiye wa mwisho kujua. Huyumba, husema maneno yasiyoeleweka, hukasirika bila sababu, na bado hung'ang'ania kwamba ni mzima. Mtu wa namna hiyo asiombwe ridhaa. Atolewe njiani mara moja, alazwe kivulini, amwagiwe maji baridi na barafu mwili mzima, na kama lipo beseni kubwa akalishwe ndani yake huku ameshikwa asizame. Mwiteni daktari wa mbio, lakini msiache kumpoza mkimngoja. Kila dakika ina thamani. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Na “basi” hiyo isemwe hata kabla ya safari. Mvua ikifunga barabara, basi likichelewa hata akafika hajalala, au asubuhi ya mbio joto likawa kali mno, kurudi nyumbani si fedheha. Ninafahamu uchungu wake: ada imelipwa, mazoezi ya miezi yamefanywa, marafiki wamekwisha kuambiwa. Mzazi huona haya kumvunja moyo mwanawe, na mwana huona haya kumwangusha mzazi, wakasukumana wote wawili kwenye jambo ambalo hakuna aliyelitaka. Semeni mapema, kwa upole, kwamba mnampenda mwenye medali na asiye nayo. Neno hilo likisemwa wiki mbili kabla, humpa ruhusa ya kusimama siku atakapohitaji kusimama.

Sote tunakijua kisa cha bedui aliyemwuliza Mtume wetu (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, naye akafundishwa kumfunga kwanza kisha ategemee. Tiketi iliyonunuliwa mapema, siku za akiba, wiki mbili za kuzoea jua na chupa yenye chumvi na sukari ndiyo kamba ya ngamia huyo. Baada ya hapo tunainua mikono.

Ewe Mola, walinde watoto wetu barabarani, uwafikishe salama na uwarejeshe salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.