Kiti Hakimponyi Mgonjwa wa Moyo

Mtu akitoka hospitali na kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, huku kwetu kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na kule mtaa wa Mchesi, Lilongwe, vilevile, jamaa zake hutoa hukumu siku hiyohiyo: mzee atulie. Ndoo ananyang'anywa, jembe linafichwa, akiinuka kwenda dukani mtoto anatumwa mbio kabla hajafika mlangoni. Anawekewa kiti kivulini, na hapo anashinda kutwa. Wanaofanya hivyo wanampenda, sina shaka. Lakini wanamdhuru, na lazima tuambiane.

Imani hii si ujinga wa watu wasiosoma. Madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakiifundisha. Hadi katikati ya karne iliyopita, mgonjwa aliyepata shambulio la moyo Marekani alilazwa wiki nne hadi sita, akilishwa na kuogeshwa kitandani. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika kwamba walikuwa wakiwatoa wagonjwa wao kitandani mapema na kuwaketisha kitini. Zama zile huo ulikuwa ushujaa. Hospitali zimekwisha kukipita kiti. Sisi ndio tumebaki nacho.

Kukaa kunamfanya nini mtu? Mwaka 1966, mjini Dallas, vijana watano wenye umri wa miaka 20 hivi walilala kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, wakiwa watu wazima wenye vitambi, ilionekana kwamba miaka yote hiyo haikuwapunguzia nguvu kama zilivyowapunguzia zile wiki tatu. Basi mama wa miaka 60, ambaye moyo wake umeshajeruhiwa, akikalishwa miezi sita atabaki na nini? Siku akiinuka kwenda chooni atahema, na nyumba nzima itasema: mnaona, tulisema asijichoshe. Kumbe kile kiti ndicho kinachomhemesha.

Huku kambini kukaa kunatujia kwa njia mbili. Wengi wetu tulikuwa na vibanda Lilongwe, tukisimama kutwa na kutembea na mizigo. Mwaka 2023 serikali ikaturudisha Dzaleka, mahali ambapo kazi ni ya kubahatisha. Sheria imeshatukalisha. Familia isimkalishe mgonjwa mara ya pili.

Ushahidi upo. Mwaka 2016 mtandao wa Cochrane ulikusanya majaribio 63 yenye wagonjwa zaidi ya 14,000 wa mishipa ya moyo. Kati ya kila 100 waliopewa matibabu ya kawaida tu, wapatao 10 walikufa kwa moyo. Waliofanyishwa mazoezi, chini ya wanane. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uwe na baba yako ndani yake.

Sasa nisieleweke vibaya na wale wa upande wa pili, wanaotembea kila asubuhi kisha wakaacha vidonge. Mazoezi hushusha mafuta ya aina ya triglaiseridi na kupandisha kidogo kolesteroli nzuri. Ile mbaya, LDL, inayoganda kwenye kuta za mishipa, huteremka kidogo mno kwa miguu peke yake. Hapo kutembea hakuwezi kuwa mbadala wa dawa za statini. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliotangazwa mwaka 1994, wenye wagonjwa 4,444, ulionyesha kuwa simvastatini, mojawapo ya statini hizo, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika miaka mitano na ushei. Wala wembamba si kinga: ini la mtu mwembamba nalo linatengeneza kolesteroli. Na hilo sombe letu la majani ya muhogo, tunalolimiminia mawese hadi yaelee, nalipenda kama mtu yeyote aliyetoka Kivu, lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayopandisha LDL. Kumkalisha mgonjwa na kumwongezea mawese ili apate nguvu ni kumpiga kotekote.

Najua swali lililobaki, ndilo linaloogopwa: akianguka njiani tutawaambia nini watu? Ufaransa walipohesabu mazoezi ya wagonjwa wa moyo yaliyosimamiwa, walipata tukio moja kubwa la moyo kwa takriban saa 50,000 za mazoezi. Wale walikuwa wamepimwa kwanza, na ndivyo inavyopasa hata kwetu. Anayeumwa kifua akiwa amekaa, anayevimba miguu, anayeshindwa kupumua akilala chali, au aliyeambiwa vali yake imebana, asianze kabla mganga wa kituo cha afya au wa hospitali ya Kamuzu Central, Lilongwe, hajamruhusu. Aliyeruhusiwa aanze na dakika kumi kwenye njia tambarare, jua halijawa kali, kwa mwendo unaomwacha azungumze lakini usiomwacha aimbe. Kifua kikibana asimame, kisipoachia, hospitali. Kila wiki aongeze dakika chache, mpaka afikie nusu saa siku tano za wiki. Mtoto anayetumwa dukani kwa niaba yake na atumwe bado, ila sasa aende pamoja naye.