TAIRI LA SPOTI LINATAKA LAMI, SISI TUNA UDONGO

Ndugu wanaushirika,

Katika mkutano wetu uliopita tulikubaliana jambo moja bila ubishi, kwamba pikipiki mbili za ushirika zimekwisha matairi. Lile la nyuma la pikipiki ya kwanza limekuwa kipara kabisa, ukilipapasa ni kama kichwa cha mzee aliyetoka kunyolewa. Hapo sote tulikuwa kitu kimoja. Ubishi ulianza pale vijana wetu walipopendekeza tununue matairi ya spoti, yale mapana yenye mistari michache, waliyoyaona kwa madereva wa bodaboda wa Korogwe. Baadhi ya wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti akaahirisha uamuzi mpaka mkutano ujao. Mimi siku ile sikupata nafasi ya kusema, ndiyo maana naandika hapa ubaoni ili kila mmoja asome kabla hajanyoosha mkono.

Maoni yangu ni kwamba tusinunue matairi ya spoti. Wala sisemi kuwa ni matairi mabaya. Ni mazuri sana yakiwa mahali pake, na mahali pake ni lami.

Tuwatendee haki vijana, wanachosema kina ukweli ndani yake. Tairi la spoti limetengenezwa kwa mpira laini zaidi, na mpira laini ukipata joto hushika lami vizuri. Kifua chake kimeviringwa, kwa hiyo pikipiki ikilala kwenye kona bado kuna mpira wa kutosha unaogusa barabara. Mistari ni michache kwa makusudi, maana pale penye mistari hapana mpira unaoshika. Ile michache iliyopo kazi yake ni kutoa maji wakati wa mvua. Kwa hiyo kijana anayeshinda Korogwe mjini akibeba abiria kati ya Manundu na Mtonga, au anayepanda zile kona za lami kutoka Mombo kwenda Lushoto, akifunga tairi la spoti mimi sina ugomvi naye. Amechagua kwa barabara yake.

Je, barabara yetu sisi ni ipi? Kweli lami ya Korogwe mpaka Handeni tunayo, kilomita 65 hivi, na imetusaidia sana. Lakini lami ile haifiki kwenye ghala letu, haifiki shambani, wala haifiki kwa mgonjwa. Tukiiacha lami tunaingia njia ya udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, mchanga na kokoto. Masika yakianza, Machi mpaka Mei, njia hiyo hiyo inakuwa utelezi unaomwangusha hata mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe. Vuli nayo haitusahau. Pikipiki za ushirika kazi yake hasa iko huko ndani, kupeleka mbegu na dawa, kufuata wanachama na kupima mazao. Lami tunaipita tu pale katibu anapokwenda mjini.

Sasa mkumbuke tairi linavyofanya kazi kwenye tope. Tope laini halishikwi kwa mpira laini, linashikwa kwa meno. Meno ya tairi, au kashata kama mafundi wanavyosema, yanatakiwa yazame kwenye udongo na kuusukuma. Tena yawe yameachana, ili tairi likizunguka tope litoke. Tairi la spoti halina nafasi hiyo. Ile mistari yake myembamba inajaa udongo katika mizunguko michache tu, na baada ya hapo umepanda kitu laini kama chungu kilichopakwa mafuta. Breki ukiigusa, tairi linasimama lakini pikipiki inaendelea na safari.

Hayo sikuyasoma kitabuni. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilifunga tairi la spoti nyuma kwenye pikipiki yangu. Hakuna aliyenidanganya, nililipenda kwa macho. Kiangazi kizima nilitamba nalo. Masika yakaja. Usiku mmoja mke wa mwanangu akashikwa na uchungu, gari hakuna, ikabidi nimbebe kwenda Handeni hospitali, na mama yake akifuata nyuma kwa pikipiki nyingine. Kabla hatujafika lami kuna ule mteremko mnaoujua wote, wenye mkondo wa maji katikati. Sikuwa na mwendo, nilikuwa natambaa. Tairi la nyuma likaniacha, likaja pembeni, tukaenda chini wote wawili. Namshukuru Mungu alianguka upande wa majani. Yule mwenzetu aliyekuwa nyuma na tairi lake la kawaida la kashata, la bei ndogo, alipita pale pale bila kuyumba. Akambeba yeye, mimi nikabaki nasukuma. Mtoto alizaliwa salama na leo anakimbia hapa kijijini. Lakini mkwe wangu alinitazama jicho ambalo mpaka leo nikiliona tairi la spoti dukani nalikumbuka.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo lenyewe. Tunapochagua tairi la pikipiki ya ushirika tusifikiri habari ya dereva peke yake. Tufikiri ni nani atakayekaa nyuma.

Jambo la pili ni huo upana. Vijana wanasema tairi pana linakaa vizuri zaidi barabarani. Hivi kweli? Pikipiki zetu ndogo, hizi Boxer na TVS, nyingi zimetoka kiwandani na tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na rimu zake ni nyembamba. Ukilazimisha tairi pana kwenye rimu nyembamba, mbavu zake zinabanwa na kifua kinachongoka, kwa hiyo ule upana ulioulipia hauupati. Pengine linakwaruza cheni. Na wakati wa tope udongo unabanana kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mmewaona wangapi wamesimama njiani wanachokoa tope kwa kijiti?

Jambo la tatu ni mzigo. Tairi limeandikwa ubavuni uzito linaoweza kubeba, ila wengi wetu hatusomi. Karibu na kipimo kuna namba ya tarakimu mbili na herufi moja, mathalani 50P. Hiyo 50 maana yake ni kilo 190, na 46 maana yake ni kilo 170. Sasa fanyeni hesabu. Pikipiki yenyewe ina kilo kama 120, na nusu yake au zaidi inalala nyuma. Weka gunia la kilo 100, halafu na dereva, ambaye uzito wake mwingi uko nyuma vilevile. Tayari umefika kilo 200. Maana yake hata tairi la 50 limezidiwa, sembuse hilo la spoti nililolikuta dukani limeandikwa 46! Na ile herufi inaonyesha mwendo. P ni kilomita 150 kwa saa, S ni 180, H ni 210. Nawauliza wajumbe, ni njia gani hapa kwetu tutakwenda 180? Tutakuwa tumelipia mwendo ambao pikipiki haina na barabara haina, tukakosa nguvu ya kubeba tunayoihitaji kila siku.

Na fedha ni za wanachama. Mpira laini kwenye kokoto unalika upesi, na miiba ya migunga haiuonei huruma. Matairi ya pikipiki zetu karibu yote yanatoka nje, India na China. Wazee wanakumbuka kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza kutoa matairi ya magari miaka ya 1970, nacho kilisimama kabla ya miaka ya 2010. Kwa hiyo kila tairi tunalolimaliza ovyo ni mahindi na ufuta wetu uliokwenda ng'ambo bure.

Msije mkasema mzee amepinga tu bila kutoa njia. Nashauri hivi:

1. Tununue matairi ya njia mbili, yenye kashata za wastani zilizoachana, yanayokwenda lami na vumbi. Tusichukue yale ya kashata ndefu sana za mashindano ya tope, maana hayo nayo kwenye lami yanatetemeka, yanashika kidogo na kuisha upesi. Ya katikati yanatutosha.

2. Kipimo kiwe kile kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, mbele na nyuma. La nyuma liwe na namba kubwa ya mzigo kwa kipimo hicho, na liwe la ubavu mgumu, lile lililoandikwa 6PR, ikiwa lipo.

3. Rimu zetu ni za spoku, kwa hiyo tuchukue tairi lililoandikwa TT, yaani la kutumia tyubu, na tununue tyubu mpya pamoja nalo. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ukiiweka kwenye tairi jipya inajikunja na kupasuka.

4. Anayetumwa kununua asome tarehe. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililokaa dukani juani miaka mingi linakauka na kupasuka nyufa hata kama halijawahi kutembea.

5. Fundi akifunga, aangalie mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka, kama upo. Tairi likifungwa kinyume, kashata hazitoi tope wala maji inavyotakiwa.

6. La mbele lisidharauliwe. Mtindo wa kulihamisha tairi lililochakaa nyuma na kulifunga mbele ukome. La nyuma likiteleza pengine utaliokoa, la mbele likiteleza umeshafika chini.

7. Upepo upimwe kwa geji kila wiki, si kwa kupiga teke. Tukitaka kubeba gunia zima tukodi gari au tutumie punda. Na tairi likilika mpaka vile vialama vidogo vilivyo ndani ya mistari vionekane sawa na kifua cha tairi, liondolewe siku hiyo hiyo, bila kumngoja askari wa usalama barabarani atukumbushe.

Najua kijana mmoja alisema mkutanoni kwamba pikipiki ya ushirika ikifungwa matairi ya kashata itaonekana ya kishamba. Mwanangu, kishamba ndiyo kazi yetu. Ushirika huu umejengwa na watu wa shamba. Pikipiki yake ikifika na tope mpaka kwenye taa, na mbegu zikiwa kavu na abiria akiwa mzima, hiyo ndiyo sifa. Wewe ukipata yako ya mjini, ifunge spoti na sisi tutakusifu.

Tukutane kwenye mkutano. Mwenye maoni tofauti aandike abandike hapa pembeni ya karatasi hii, asiifunike. Ila kabla hajaandika, naomba aende kwanza pale mterekoni, siku mvua imenyesha, asimame na kutazama alama za magurudumu kwenye udongo. Ataona zile zilizonyooka ni za tairi gani, na zile zilizokwenda pembeni ni za tairi gani.

Wenu katika kazi,
Mwanaushirika mwenzenu