MASHAURI YA JUMA HILI: GOBORI HALISEMI LILILO NALO TUMBONI

Msomaji wetu mmoja wa upande wa Tabora, mwenye gobori na cheti chake, hulitumia kuwafukuza nguruwe shambani. Ametuuliza hivi: "Marehemu babu yangu, akiisha kupiga, alikuwa akimimina baruti nyingine papo hapo kutoka katika pembe. Je, nifuate desturi yake?"

Jibu letu ni hapana. Babu alisalimika kwa bahati, na bahati si kanuni.

Baruti nyeusi ni shura, makaa ya mti na kiberiti vilivyochanganywa. Iwakapo haigeuki yote kuwa hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake huwa masizi, na mengine huganda ndani ya mtutu. Humo huweza kujificha cheche. Ukimimina baruti juu yake, moto hupanda hata usoni. Na ukimimina kutoka katika pembe, moto huingia katika pembe yenyewe, ikapasuka mkononi mwako.

Kwa hiyo, baada ya kupiga, simamisha gobori, mdomo wake ukiwa mbali na uso wako na watu wengine. Ngoja kidogo. Kisha pitisha mdeki wenye kitambaa kibichi mpaka chini, halafu kingine kikavu. Pima baruti katika kipimo kidogo, uifunge pembe na kuiweka mbali, ndipo uimimine. Tia risasi na kitambaa chake kilichopakwa mafuta, uisukume kwa mwendo mfupi mfupi, wala usiweke kiganja juu ya ncha ya mdeki. Risasi lazima ikae juu ya baruti barabara. Ikibaki nafasi kati yao, mtutu waweza kuvimba au kupasuka. Fataki huvishwa mwisho kabisa, gobori likiwa limeelekezwa unapotaka kupiga.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni kujua kama gobori lina kitu ndani au halina. Gobori tupu na gobori lililoshindiliwa hufanana machoni. Wala tusidhani kwamba wanaosahau ni wajinga tu. Baada ya vita vya Gettysburg katika Marekani, Julai 1863, ziliokotwa bunduki 27,574, nyingi zikiwa za kushindiliwa mdomoni. Taarifa iliyoandikwa baadaye yasema kwamba kiasi cha 24,000 zilikuwa bado zina risasi, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na mbili mbili. Moja ilikutwa na 23! Katika makelele na hofu, askari hakutambua kwamba bunduki yake haikulia, akashindilia tena juu ya ile ya kwanza.

Dawa yake ni rahisi. Gobori likiwa tupu, ingiza mdeki mpaka chini, ukate alama ndogo mahali unapokutana na mdomo wa mtutu. Ukiisha kushindilia kwa kipimo chako cha siku zote, kata alama ya pili. Tangu siku hiyo, kabla ya kumimina chochote, uulize mdeki kwanza, huo hausahau.

Fataki ikilia na gobori lisilie, usiligeuze kulitazama. Lishike vivyo hivyo, likielekea shabaha, kwa muda usiopungua dakika moja. Baruti huenda inaungua polepole.

Usitumie kamwe baruti ya risasi za kisasa, kwa maana nguvu yake hupasua mtutu. Usiingie nyumbani na gobori lililoshindiliwa. Siku ile ile lioshe kwa maji ya moto na sabuni, ulikaushe na kulipaka mafuta, kwani masizi ya baruti huvuta unyevu na kuleta kutu. Mtutu ulioliwa na kutu usipigwe mpaka fundi ameukagua.

Nguruwe akikimbia kwa sababu umechelewa kushindilia, atarudi usiku mwingine. Jicho au kidole hakirudi.