Kabla hujalipia kruza, mpandishe atakayekaa nyuma

BARABARANI
Na Shabani Mndolwa

Kruza ya mtumba huchaguliwa na atakayeshika usukani, lakini anayejua kama inafaa ni atakayekaa nyuma yake. Ndicho ninachotaka kuwaambia wiki hii wote wanaozunguka yadi za Dar es Salaam, na wale wanaoagiza wenyewe Japani, wakitafuta pikipiki ya kutoka na mwenzi siku za mapumziko. Usitoe hata shilingi kabla mwenzio hajaipanda, tena ikiwa inatembea barabarani. Kukaa juu yake ikiwa imesimamishwa kwa stendi, akapigwa picha akateremka, hakumwambii kitu.

Kwa asiyezifahamu, kruza ni zile pikipiki ndefu za chini, usukani mpana, tangi nono, miguu ya dereva imenyooshwa mbele. Harley-Davidson ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza mwaka 1903, ndiyo iliyolitangaza umbo hilo duniani. Wajapani wakalifuata kwa bidii: Yamaha na Virago kisha Drag Star, Honda na Shadow na Steed, Suzuki na Intruder, Kawasaki na Vulcan. Kwa dereva ni raha tupu. Kwa abiria mambo ni mengine, na sababu yake iko katika umbo lenyewe.

Ili siti iwe chini, shokapu ya nyuma imenyimwa nafasi ya kucheza. Kwenye kruza nyingi za Kijapani gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kiasi cha milimita 90 tu, na abiria amekalishwa karibu juu kabisa ya ekseli ya gurudumu hilo. Tuta likija, dereva ameliona, amepunguza mwendo, amejikaza. Abiria ameona mgongo wa dereva. Anachopata ni pigo linalotoka kwenye ekseli, likapita kwenye kipande cha sponji, likaingia kwenye uti wa mgongo. Barabara zetu zina matuta kila kijiji, na mengine yamejengwa matatu matatu. Mtu aliyetoka Dar hadi Chalinze nyuma ya kruza mbaya hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka huu nilimsindikiza rafiki yangu na mkewe kwenye yadi moja ya Kinondoni. Rafiki alikuwa tayari ameshapenda: nyeusi, kromu inang'aa hadi unajiona, mabomba mawili ya moshi yamepangwa upande wa kulia. Shemeji akaombwa apande. Siti ya nyuma ilikuwa kipedi kisichozidi upana wa kiganja na nusu, kimefungwa kwa boliti moja juu ya madigadi. Nilikibonyeza kwa ngumi; nikagusa bati. Vikanyagio vya abiria vilikuwa juu sana, magoti yake yakapanda karibu na mbavu. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa vidole viwili tu kutoka kwenye bomba la moshi, na kila aliyewahi kupanda bodaboda kwa haraka anajua alama inayobaki hapo.

"Nishike wapi?" akauliza.

"Mshike mumeo, shemeji," akajibu muuzaji. "Utazoea tu."

Hilo neno "utazoea" ndilo linalonifanya niandike. Limeuza pikipiki nyingi zisizofaa. Mtu hazoei kuungua mguu, wala hazoei kukaa kilomita 70 bila mahali pa kuegemea, kila gia inapoongezwa akihisi anaachwa nyuma. Anachofanya ni kunyamaza. Safari ya kwanza anakwenda kwa mapenzi, ya pili kwa hisani, ya tatu anasema ana kazi za nyumbani. Pikipiki inabaki na dereva peke yake, naye anashangaa kwa nini mwenzake hapendi tena kutoka. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ile ya Kinondoni, wote wawili walikwenda mzunguko mfupi kwenye barabara ya mitaa yenye matuta. Waliporudi shemeji aliteremka akasema, "Hii ni yako, siyo yetu." Rafiki yangu, kwa heshima zake, akarudisha ufunguo.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa injini, maana ndipo wengi wanapoteleza. Ukipitia mitumba ya Japani utakutana na kruza za cc 400 kwa wingi: Drag Star 400, Steed 400, Shadow 400. Wingi huo una sababu. Leseni ya kati ya pikipiki huko Japani inaishia cc 400, kwa hiyo viwanda vilitengeneza kruza nyingi zinazoishia hapo hapo kwa ajili ya soko la nyumbani. Tena kila pikipiki inayozidi cc 250 lazima ipite ukaguzi wa serikali, na baada ya ule wa kwanza unarudiwa kila miaka miwili. Ukaguzi una gharama, na tarehe yake inapokaribia wapo wanaoamua kuuza. Ndiyo maana unaweza kupata ya cc 400 iliyotunzwa vizuri kwa bei ya kuvutia.

Ila tazama kinachobebwa. Drag Star 400, iliyotoka mwaka 1996, ina umbo na fremu karibu sawa na ndugu yake wa cc 650. Uzito wake ni zaidi ya kilo 230, wakati Boxer ya cc 150 unayoiona kijiweni haifiki kilo 130. Injini ya 400 inatoa nguvu za farasi zaidi kidogo ya 30. Ya 650 inatoa kama 40. Ukiwa peke yako mjini tofauti hiyo huioni. Weka mtu mzima nyuma na begi, panda Kitonga ukielekea Iringa ukiwa nyuma ya lori la saruji, ndipo utakapoiona. Unakosa nguvu ya kupita, unabaki kwenye moshi, na injini inapiga kelele kwa gia ya chini muda wote. Mtetemo wote huo unapita kwenye vikanyagio na kwenye siti ya abiria.

Kwa hiyo nasema wazi: cc 400 ni ya mjini, na Bagamoyo kwenda na kurudi. Anayetaka kufika Morogoro na mwenzake bila kuchoka aanzie 650. Kama nyinyi wawili mna miili ya kushiba, tafuteni kati ya 750 na 900. Honda Shadow 750 ni chaguo la uhakika. Suzuki Boulevard C50, yenye cc 805, ina siti pana kuliko nyingi za daraja lake. Kawasaki Vulcan 900 Classic ni nzito, lakini inatulia barabarani upepo wa basi unapoipiga ubavuni. Harley Sportster 883 naiheshimu, ila baadhi ya matoleo yake yametoka kiwandani na siti ya mtu mmoja, na hiyo ya pili iliyoongezwa baadaye mara nyingi ni kipedi kama kile cha Kinondoni.

Uliza pia nguvu inafikaje gurudumu la nyuma. Drag Star na C50 zinatumia shafti, Vulcan 900 inatumia mkanda, na Shadow 750 zipo za cheni na zipo za shafti kulingana na toleo. Cheni si mbaya, na spea zake zinapatikana kirahisi. Lakini cheni iliyolegea na spoketi zilizochongoka humrusharusha abiria kila dereva anapofungua na kufunga moto. Shafti haina usumbufu huo. Kwa ya shafti, nyanyua gurudumu la nyuma, lizungushe mbele na nyuma kwa mkono usikilize mlio na mchezo, kisha pitisha kidole chini ya nyumba ya gia uone kama kuna oili.

Ukaguzi wa injini fundi wako anaujua; mimi nitabaki nyuma. Simama kando ya siti ya abiria, ikandamize kwa uzito wako wote, uiachie. Inatakiwa ipande mara moja itulie. Ikiruka mara mbili tatu, shokapu imekwisha, hata kama kwa nje imepakwa rangi mpya. Kwenye Shadow 750 shokapu ni mbili na ziko wazi pembeni, unaweza kufuta chuma chake kwa kidole uone kama kinavuja. Kwenye Drag Star imefichwa chini ya siti, kwa hiyo utainama na tochi. Hakikisha pia ile ringi ya kukaza springi bado inazunguka na haijagandishwa na kutu. Abiria akipanda lazima springi ikazwe na upepo wa tairi la nyuma uongezwe kufuata kibandiko cha kiwanda. Wanaofanya hivyo ni wachache mno.

Tairi lina herufi DOT ubavuni, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mitumba mingi inakuja na tairi lenye kashata nzuri lakini mpira umekauka, kwa sababu pikipiki ilikaa tu. Usimbebe mtu juu ya tairi la namna hiyo. Na kama ringi ni za spoku, gonga spoku moja moja kwa bisibisi. Iliyolegea inatoa mlio mfu. Ringi nyingi za spoku hutumia tyubu, na tyubu ikitoboka upepo unaweza kutoka ghafla. Ukiwa na abiria kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hilo ni jambo la uhai. Mimi, kwa wawili, napendelea ringi za kumwaga zenye tairi lisilo na tyubu, hata kama hazipendezi macho.

Kisha fanya hesabu ambayo muuzaji hatakufanyia. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta. Kinachobaki ndicho cha dereva, abiria, helmeti mbili na mizigo. Dereva wa kilo 90, mwenzake wa 75 na begi la kilo 15 ni kilo 180, na kruza kadhaa za kati hazifiki hapo. Watoto msiwaongeze katikati. Mshikaki ni hatari kwenye Boxer, na kwenye kruza hatari yake ni ile ile.

Siti ikiwa mbaya lakini pikipiki nzima ni nzuri, usiiache kwa hilo peke yake, alimradi kuna mahali pa kufunga siti ndefu na vikanyagio viko chini vya kutosha. Tuna mafundi wa siti hodari. Mwambie aweke sponji ngumu chini na laini juu, apanue sehemu ya nyuma, aifanye tambarare ili abiria asiteleze kuelekea kwako kila unapofunga breki. Egemeo la mgongo ni la lazima. Spea zake za mtumba zipo, na fundi mzuri wa kuchomelea analifunga kwenye fremu, asilifunge kwenye bati la madigadi.

Mkishapata ya kujaribu, mwombe muuzaji akuruhusu kwa saa nzima na bima iwe hai. Nendeni wote wawili na helmeti zenu, mpite barabara yenye matuta, mpite na ya lami nzuri, na mkisimama umuulize mwenzio mambo manne: magoti, mgongo, mguu upande wa bomba, na mahali pa kushika. Jibu lake lifuate, hata kama wewe umeshaipenda. Na kama mnaniuliza mimi, kwa wawili wa uzito wa kawaida wanaotaka kufika Morogoro Jumamosi na kurudi Jumapili, nachagua Shadow 750 ya shafti yenye siti ndefu na egemeo. Akikataa yeye, basi hiyo nayo muiache yadini.